VCD, DVD au faili? Amua kabla hujachoma video za familia

Morogoro. Kama nyumbani kwenu bado kuna mikanda ya kamera ya video ya miaka ya 2000, ile midogo ya MiniDV yenye harusi, kipaimara au sherehe ya kumtoa mwali, usimpelekee fundi na kumwambia "nichomee tu CD". Unaweza kurudishiwa picha yenye robo tu ya nukta zilizokuwa kwenye mkanda.

Hiyo robo si kutia chumvi. VCD, iliyoingia sokoni miaka ya 1990, hubeba picha ya nukta 352 kwa 288. DVD ya PAL, mfumo wa picha uliotumika Tanzania kwa miaka mingi, hubeba nukta 720 kwa 576, sawa kabisa na mkanda wa MiniDV wa PAL. Kwenye VCD, sura ya mtu aliyekaa mbali na kamera inageuka vibokisi, na ngoma ikikolea ndiyo mbaya zaidi, maana picha yenye mwendo mwingi ni ngumu kuibana.

Uliza deki kwanza

Sasa kwa nini VCD bado ina watu wake? Ni kwa sababu ya deki. Alama zilizochomwa kwenye DVD ni ndogo na zimebanana kuliko za CD, na leza ya deki ya VCD ya zamani haiwezi kuzisoma. Ukimpelekea bibi DVD huko Matombo wakati deki yake ni ya VCD tu, ataishia kutazama kioo kitupu. Deki ya DVD, kwa upande wake, mara nyingi husoma zote mbili.

Kwa hiyo piga simu, uliza deki imeandikwa nini mbele. Kama ni VCD tu, mchomee VCD, ila iwe ni nakala ya kutazama, siyo ya kutunza.

Muda nao una mchezo wake. VCD moja inachukua takribani dakika 74 hadi 80. DVD ya kawaida ya GB 4.7 inachukua saa moja kwa ubora mzuri sana, au saa mbili kwa ubora unaokubalika. Fundi akikuambia atabana sherehe nzima ya saa nne kwenye DVD moja, anaweza kweli, lakini anakula ubora. Lipia diski mbili.

Dukani utakutana na DVD-R na DVD+R. Ukiwa hujui deki itakayotumika, chukua DVD-R, kwani ndiyo iliyotangulia na deki nyingi za zamani zinaielewa zaidi. Zenye herufi RW, za kufuta na kurudia, waachie wengine. Na mwambie fundi aifunge diski akimaliza kuchoma, la sivyo itacheza kwenye kompyuta yake tu. Wenye kamera za kurekodi moja kwa moja kwenye vidividi vidogo wanalijua hili: kidisk kisichofungwa ndani ya kamera yenyewe mara nyingi hakisomeki kwingine.

Nakala ya kutunza ni kitu kingine

Hapa ndipo wengi wanapoteza. DVD ya kutazama tayari imebanwa. Saa moja ya MiniDV, ikihamishwa kama ilivyo, ni takribani GB 13, yaani haiingii kwenye DVD moja. Hiyo iweke kwenye hadi diski ya nje, pamoja na nakala ya MP4 ya kurushiana kwenye simu. Mjukuu atakayetaka kuhariri sauti ya marehemu babu miaka 20 ijayo atahitaji faili hilo kubwa, siyo VCD.

Muombe fundi atumie waya wa FireWire, unaohamisha picha bila kuipunguza, badala ya zile nyaya za njano, nyekundu na nyeupe. Kazi hiyo inakwenda kwa mwendo wa mkanda wenyewe: mkanda wa saa moja, saa moja. Usimharakishe.

Na usisubiri masika mengine. Upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kuanzia Kinole hadi Matombo, unapokea mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi, na unyevu huleta ukungu kwenye mikanda. Ukiona madoa meupe kwenye utepe, usiuchezeshe. Unaweza kuchafua vichwa vya kamera, na kamera nzima za MiniDV zinazidi kuadimika. Usafishwe kwanza.

Diski zenyewe pia haziko salama. Rangi inayochomwa ndani yake huharibiwa na jua na joto, kwa hiyo dashibodi ya gari siyo kabati. Kwenye CD, tabaka la data liko karibu kabisa na upande wa juu unaoandikwa jina, hivyo kalamu ya wino ya kawaida inaweza kulikwaruza. Tumia maka pen laini.

Kabla hujalipa, icheze diski kwenye deki ya dukani, mwanzo, katikati na mwisho. Mikanda rudi nayo nyumbani.