Ndugu wa Mueri Wako Milima Mingi

Wanangu, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina mdudu mmoja, mti mmoja mgeni na mti mmoja wa kwetu, na yote nitakayowaambia yalitokea kweli.

Nianze na mdudu. Mwaka 1986, nchini Malawi, miti ya saipresi ilianza kukauka. Matawi yaligeuka kahawia kuanzia ndani, yakaenea, mwisho mti mzima ukafa. Walioichunguza walikuta vidukari, wadudu wa milimita chache wanaochoma matawi na kufyonza utomvu wake. Mdudu huyo hakuwa wa Afrika, na mpaka wa nchi haukumzuia. Baada ya muda mfupi alikuwa Tanzania, na mwaka 1990 alionekana Kenya.

Kenya saipresi ilikuwa kila mahali. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini ilikuwa imepandwa kwa miaka mingi katika mashamba ya mbao ya serikali, kwenye nyua za makanisa na shule, na kama ua wa boma katika nyanda za juu. Mashamba yale yalikuwa na mti wa aina moja, uliopandwa siku moja, hekta kwa hekta. Vidukari walipofika walikuta chakula kisicho na mwisho. Ua uliokuwa wa kijani ukabaki vijiti.

Lakini hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Katikati ya miti iliyokufa, mingine haikufa. Ilikuwa saipresi ile ile na kwenye udongo ule ule. Watafiti walipolinganisha familia mbalimbali za saipresi nchini Kenya, waliona kuwa uwezo wa kumstahimili mdudu huyo hurithiwa, unatoka kwa mti mzazi kwenda kwa mche.

Unarithiwaje? Ndani ya kila jani, kila mzizi na kila mbegu mna maagizo madogo mno yanayoitwa vinasaba. Mbegu hupata nusu ya maagizo hayo kwa mti mama ulioizaa, na nusu kwa mti uliotoa chavua. Tazameni watoto wa nyumba moja: mmoja hushikwa na mafua kila masika, na nduguye hajui mafua. Miti nayo ndivyo ilivyo. Mmoja huvumilia kiangazi kirefu, mwingine huvumilia baridi kali, wa tatu humshinda mdudu. Kwa macho hutaitofautisha. Yote ina majani yale yale na gome lile lile, mpaka siku ya shida ifike.

Kwa hiyo hesabu ya miti peke yake hainitoshi. Mtu akiniambia msitu fulani una miti elfu kumi, namuuliza: imetoka kwa wazazi wangapi?

Sasa nije kwenye mti wa kwetu. Wakikuyu huuita muiri, Waganda ntaseesa, na wengi wanaozungumza Kiswahili husema mueri. Wataalamu wa mimea huuita Prunus africana. Ni mti mrefu wa milimani, wenye gome jeusi lililopasukapasuka. Ukifikicha jani lake unasikia harufu ya lozi. Matunda yake ni madogo na machungu kinywani mwetu, lakini kima huyapenda, na ndege kama hondohondo huyabeba na kuzitawanya mbegu. Utaukuta mueri Kilimanjaro, Mau na Kakamega, Kibale na Bwindi huko Uganda, Nyungwe nchini Rwanda, Kibira nchini Burundi, na katika milima ya Kivu. Uko Ethiopia pia, uko Cameroon, uko Madagaska, na unafika hadi Afrika Kusini.

Watafiti walikusanya majani ya mueri kutoka nchi nyingi, wakavisoma vinasaba vyake. Mtu angetazamia kwamba mueri wa magharibi mwa Uganda ni ndugu wa karibu wa mueri wa Kenya. Ni majirani, si ndiyo? Sivyo walivyoona. Mueri wa magharibi mwa Uganda ulikuwa na udugu wa karibu zaidi na mueri wa Cameroon, mbali kabisa, ng'ambo ya bonde la Kongo lenye joto ambamo mti huu hauoti. Ule wa Madagaska nao ukawa na ukoo wake.

Mimi jambo hili hunishangaza kila ninapolisimulia. Maelezo yanayotolewa ni kwamba zamani sana, dunia ilipokuwa na baridi kuliko leo, miti ya milimani iliweza kuishi chini zaidi, kwenye nchi ambazo sasa zina joto mno kwake. Misitu ya mashariki na ya magharibi ilipeana mbegu na chavua. Joto liliporudi, miti ilibaki juu tu, na kila safu ya milima ikajitenga na ukoo wake.

Fikirini basi. Kenya inaweza kuulinda kila mueri wake usikatwe hata mmoja. Kama ule wa magharibi mwa Uganda utatoweka, urithi wake hauwezi kutafutwa Kakamega wala Mau, kwa sababu haupo huko. Hakuna nchi moja yenye mueri wote, kwa hiyo hakuna nchi moja inayoweza kuuhifadhi peke yake.

Na hatari ipo. Gome la mueri hutengenezewa dawa ya wanaume wazee waliovimba tezi dume. Mwaka 1966 dawa hiyo ilipewa hataza Ufaransa, na tangu hapo magunia ya gome yakaanza kuondoka Afrika: Cameroon, Madagaska, Kenya, baadaye Kivu. Mchunaji mwenye subira huchukua gome la upande mmoja na kuuacha mti upone. Mwenye haraka huuchuna mzunguko mzima, au huuangusha kabisa. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kikipita ndani ya gome, kwa hiyo mti uliochunwa pande zote hufa kwa njaa ukiwa umesimama. Mwaka 1995 biashara yake iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa uitwao CITES, unaotaka vibali kabla gome halijavuka mpaka.

Kuna upotevu mwingine usioonekana. Kule Kakamega, msitu uliokatwa vipande vipande na mashamba, watafiti walilinganisha vinasaba vya miti mikubwa na vya miche iliyo chini yake. Miche ilikuwa na namna chache zaidi za vinasaba kuliko wazee wake. Wazee walizaliwa msitu ukiwa mpana, chavua na mbegu zikisafiri mbali. Miche imezaliwa baada ya miti kupungua na kutengana. Msitu unaonekana upo, umejaa kijani, na bado unapungukiwa.

Mtaniuliza, si tukusanye mbegu tuziweke kwenye baridi? Kwa miti mingi inafaa. Mbegu za mueri hazikubali kwa urahisi: hazivumilii kukaushwa sana, na hupoteza uhai upesi. Kwa hiyo mueri huhifadhiwa ukiwa hai, kwanza ndani ya msitu wake, kisha katika mashamba maalumu ambamo miche ya asili mbalimbali hupandwa na kila mmoja huandikiwa ulikotoka.

Nchi za Ulaya zilianza kulipanga hili pamoja mapema. Mawaziri wao walikutana Strasbourg mwaka 1990, na mwaka 1994 ukazaliwa mpango uitwao EUFORGEN. Kila nchi huchagua vipande vya misitu vya kutunza vinasaba vya mti fulani, kisha zote hutazama ramani moja kuona pengo liko wapi. Sisi tunaouchangia mueri kutoka Kivu hadi Kilimanjaro tunastahili ramani kama hiyo, inayotumiwa kweli na maofisa misitu wa pande zote za mpaka.

Ninyi pia mna sehemu yenu, hasa shule zenye vitalu. Mara nyingi mbegu zote za kitalu huokotwa chini ya mti mmoja mzuri ulio karibu na njia. Miche itatoka ya kupendeza, nayo itakuwa ya mama mmoja. Wataalamu hushauri mbegu zitoke kwa miti mama isiyopungua 30, yenye nafasi ya mita 50 au zaidi kati ya mmoja na mwingine, maana miti inayobanana mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Changanyeni mbegu kwa kiasi sawa kutoka kila mti, msiache mmoja ujaze gunia. Za mueri zipandwe haraka, zisisubiri muhula ujao. Na kwenye kibao cha kitalu andikeni jina la msitu zilikotoka, kimo cha mlima na idadi ya miti mama, ili atakayechukua miche ajue anapanda ukoo gani.