Maji Safi, Maji Salama: Funzo la Floridi katika Kaunti ya Nakuru

Utangulizi

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kuyaeleza maji. Tunayo maji baridi na maji chumvi, maji matamu na maji machungu, maji maangavu na maji ya tope. Maneno haya yote yametokana na hukumu ya jicho na ulimi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hukumu hiyo haitoshi, na kwamba "safi" na "salama", maneno tuliyozoea kuyatamka kwa pumzi moja, hayana maana moja. Mfano wetu ni Kaunti ya Nakuru.

Adui asiyeonekana

Miamba mingi ya Bonde la Ufa ilitokana na volkeno, nayo ina madini yenye floridi. Maji yakaayo ardhini kwa muda mrefu huyayeyusha madini hayo. Ndiyo sababu maji ya visima virefu aghalabu huwa na floridi nyingi kuliko ya mvua au ya mito itokayo milimani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya Nakuru hukipita kiwango hicho. Hata hivyo, maji yenyewe huwa maangavu, hayana harufu wala ladha ya kutiliwa shaka.

Floridi kidogo huyaimarisha meno, lakini ikizidi huyaharibu. Mtoto anayekunywa maji hayo kabla ya kutimu miaka minane hivi, meno yake ya kudumu yangali yakiundwa ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya hudhurungi yasiyotoka kwa mswaki. Kiasi kikiwa kikubwa zaidi, na kwa miaka mingi, mifupa na viungo huweza kukakamaa. Wengi wetu tumesoma na wenzetu wanaocheka huku wamejifunika mdomo kwa kiganja. Wapo wanaodhani huo ni uchafu, na wapo wanaodhani ni urithi wa ukoo. Si uchafu wala si urithi, ni maji.

Nyenzo zilizopo

Yafaa ieleweke kwamba kuyachemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke, floridi hukolea. Klorini nayo haisaidii hapa. Njia ya kwanza ya kujikinga ni kuyapeleka maji ya kisima maabarani yapimwe. Ya pili ni kuvuna maji ya mvua kutoka paani, hasa kwa ajili ya watoto wadogo. Ya tatu ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, ikasagwa, ikatiwa katika chujio, nayo huinasa floridi. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiikuza njia hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkaa huo hushiba baada ya muda, kwa hiyo sharti ubadilishwe.

Msitu na meno

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huanzia Mau Mashariki na kuteremka hadi Ziwa Nakuru. Mwaka 2001 serikali iliondoa sehemu kubwa ya Mau Mashariki katika hifadhi ya msitu. Msitu ukikatwa, maji ya mvua hutiririka kwa kasi yakibeba udongo, na mito hupungua wakati wa kiangazi. Mito ikipungua, watu hutegemea visima virefu. Kwa hivyo, anayepanda mti Mau anayalinda pia meno ya mtoto asiyemjua.

Hitimisho

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kwa msomaji wa makala haya, "na" hiyo ina uzito: ni masharti mawili, si moja. Vipimo vya maabara aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mzazi anayeteka maji kisimani huhitaji kuelezwa kwa lugha aielewayo. Hapo ndipo kazi yetu wanafunzi wa Kiswahili inapoanzia. Tuzifasiri ripoti hizo, tusanifishe istilahi zake, na tuzifikishe kisimani.