Ramani ya Delta ya Nile na Ardhi Iliyokwenda na Maji

Katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 51, tunaelezwa jinsi Firauni alivyojigamba mbele ya watu wake kwa mito ipitayo chini yake. Wafasiri wameieleza mito hiyo kuwa ni matawi ya Nile. Wengi waliitamani nchi hiyo baada yake, na mmoja wao aliamua kuipima.

Napoleon aliivamia Misri Julai 1798 akiwa na wapimaji ardhi katika jeshi lake. Mkuu wao, Testevuide, aliuawa Cairo Oktoba mwaka huo wananchi walipoasi, siku zile Wafaransa walipoingia na farasi wao ndani ya msikiti wa Al-Azhar. Jacotin, mtoto wa ndugu yake, akaendeleza kazi. Wavamizi waliondoka mwaka 1801, lakini vipimo waliondoka navyo. Huko Paris vikawa ramani ya karatasi 47, ambayo sentimita moja ni kilometa moja ya ardhi. Napoleon aliifanya siri ya dola. Ilitolewa baada ya yeye kuanguka.

Tusijidanganye: ilichorwa ili jeshi lijue njia na mtoza kodi ajue vijiji. Hata hivyo, majina ya vijiji hivyo yameandikwa humo kwa herufi za Kiarabu pia. Sheikh Abdurrahman al-Jabarti, mwanahistoria wa Cairo, aliuchukia uvamizi ule, lakini alikwenda kuitazama maktaba ya wataalamu wao na akaisifu. Nasi tunaiendea ramani hii kwa insafu hiyo hiyo.

Maana inatuonyesha yaliyopotea. Ziwa la Abu Qir, lililomo ndani yake, lilikaushwa katika karne ya 19 na sasa ni mashamba. Huko Rashid, mdomo wa tawi la magharibi, bahari imekwishakula kilometa kadhaa za rasi. Udongo uliokuwa ukiijenga ulipunguzwa na mabwawa, na tangu mwaka 1964 karibu wote huzuiliwa nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan. Bwawa hilo limewapa Wamisri umeme na kuwakinga na mafuriko, hivyo hatuwalaumu waliolijenga. Lakini mkulima wa Rashid anayeuliza shamba la babu zake lilifika wapi, jibu lake limo katika karatasi za Jacotin, mahali ambapo leo pana mawimbi.