Simu Ikipotea, Nyumba Isiyumbe



Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni mwendo wa takriban kilomita 800, na jamaa zetu wa pwani wameshazoea kuukata: wake walioolewa bara, waajiriwa waliohamishwa na kazi, wanafunzi wa vyuo vikuu, na wafanya biashara wa nguo na vyakula. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, habari za nyumbani zilikwenda kwa barua, na barua ilikuwa na siku zake. Leo mama aliyeko Eldoret humsikia mamake wa Mji wa Kale kila asubuhi, humtumia pesa za dawa kabla chai haijapoa, na jioni hutazama simu kujua kama magharibi imeingia.

Basi na tufikiri kwamba simu hiyo imeporwa kwenye kituo cha matatu, au imetumbukia ndani ya karai la maji, au imezima na fundi amesema irudiwe baada ya wiki. Mama huyo hakupoteza chombo cha kuzungumzia peke yake. Ameondokewa na mfuko wa pesa, daftari la chama, saa ya swala, dira ya kibla, orodha ya nambari za jamaa, na picha ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mambo sita yametoka kwa mlango mmoja.

Makala haya hayaji kuilaumu simu. Simu ni mchukuzi hodari, na wengi wetu hatuwezi kuishi mbali na wazazi bila yake. Lakini mchukuzi hapewi ghala zima. Yale ambayo ni wajibu juu yetu, yaani ibada kwa wakati wake, amana za watu, na haki ya jamaa, yanahitaji makao mengine nyumbani, ama kifuani ama kwenye karatasi. Tuyatazame moja baada ya jingine, tukianza na lile la haraka.

Saa ya kwanza

Simu ikiibwa, jambo la kwanza ni kuifunga laini. Azima simu kwa mtu unayemwamini, jirani au mwenye duka unayemjua, uwapigie watoa huduma wa mtandao wako. Kwa laini ya Safaricom ya malipo ya kabla nambari ni 100. Waambie laini imeibwa, waifunge pamoja na akaunti ya M-Pesa.

Hapa pana jambo la kuwatuliza wengi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007 hadi leo, pesa hazikai ndani ya simu. Zimo katika akaunti, na simu ni ufunguo tu. Ukirudishiwa laini yako, nambari ni ile ile na salio ni lile lile, maadamu mwizi hakuijua nambari yako ya siri. Ndiyo maana nambari hiyo haiandikwi nyuma ya simu, wala haifanywi mwaka wa kuzaliwa, wala haitajwi mbele ya watoto dukani.

Jambo la pili ni kuwatahadharisha jamaa. Mwizi aliyeifungua simu huwaandikia watu wako kwa jina lako: "Mama, nimepatwa na shida, nitumie elfu mbili." Mama wa watu, kwa huruma, hutuma. Yafaa kila familia iwe na neno lake la siri, jina la paka wa zamani au la kisima cha mtaani, ambalo anayeomba pesa kwa maandishi lazima alitaje. Pasipo neno hilo, hakuna pesa.

Kisha nenda dukani kwa mtandao wako ukiwa na kitambulisho, urudishiwe laini. Huhitaji kungoja hadi upate simu nyingine ya bei. Kabambe ya vibonyezo yatosha, kwani M-Pesa hupatikana humo kwa *334#, na kupiga na kupokea ni kule kule. Na ukipata simu ya kisasa, ukaifungulia WhatsApp kwa nambari yako, ile iliyoibwa hutolewa kwenye akaunti.

Laini hii ni ya nani?

Jambo hili twawaelekezea akina mama hasa. Wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine: mume, kaka, au marehemu baba. Siku zote za salama hakuna tatizo. Siku laini ikipotea, anayerudishiwa ni yule aliyesajiliwa, naye huenda yuko safarini, au mmetengana, au yuko kaburini. Mwanamke aliyejikusanyia akiba yake ya kuuza mahamri na viazi karai kwa miaka miwili hujikuta mgeni mbele ya mali yake.

Mali ya mke ni yake katika sheria yetu, na haki hiyo haikungoja zama hizi. Basi laini inayobeba mali hiyo nayo iwe kwa jina lake. Kwa mtumiaji wa Safaricom, kubonyeza *106# huonyesha nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Nambari yako ikiwa haimo, zungumzeni nyumbani kwa wema, muende dukani mkiwa wawili na vitambulisho vyenu, muibadilishe kungali mapema.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, mna amri ya kuyaandika madeni ya muda na kuyawekea mashahidi. Jambo lililopewa nafasi hiyo haliwezi kuachwa katika ujumbe wa simu unaofutika kwa kidole.

Akina mama wa chama wanajua tunalolisema. Mweka hazina akipoteza simu, hupotea pamoja nayo orodha ya waliotoa na wasiotoa, zamu ya nani imepita na ya nani inakuja. Hapo ndipo dhana mbaya huingia baina ya watu waliokuwa wakila sahani moja. Daftari la shilingi chache, lililotiwa sahihi na wawili kila mkutano, huzuia ugomvi ambao hata wazee wangeshindwa kuusuluhisha.

Daftari la nyumba nalo liwe na kurasa zake: tunaowadai, wanaotudai, amana tulizowekewa, na akiba ilipo. Mauti hayabishi hodi. Mtu akifa na simu yake imefungwa kwa nambari aliyoijua yeye peke yake, warithi watalipaje deni wasilolijua? Nambari za siri hazitakiwi humo, bali habari kwamba kuna mali mahali fulani na kuna haki ya fulani.

Ukurasa mmoja uwe wa afya. Andika majina ya dawa na vipimo vyake, tarehe za kliniki, na nambari ya faili ya hospitali kwa mgonjwa anayehudhuria Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi au penginepo. Wengi walijisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kwa kubonyeza *147#. Andika nambari ya simu iliyotumiwa siku hiyo, na majina ya watoto na wazee walioorodheshwa chini yake.

Jua la Eldoret si jua la Mombasa

Sasa tuingie katika swala. Asiye na simu aghalabu hukimbilia redio, naye akiwa mtu wa pwani atapenda adhana ya pwani. Hapo pana hatari ambayo wengi hawaijui.

Eldoret iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya digrii nne za longitudo, na jua huchukua dakika nne kuikata digrii moja. Kwa hiyo adhuhuri ya Eldoret huchelewa kwa dakika kama 17 au 18 nyuma ya Mombasa mwaka mzima. Kwa magharibi tofauti hubadilika kwa majira: mwezi wa Desemba ni kama dakika 10, na mwezi wa Juni hukaribia au hupita 25. Anayefungua saumu Eldoret kwa adhana ya Mombasa amekula jua lingali juu ya upeo, na saumu yake ya siku nzima imeharibika katika dakika za mwisho. Vivyo hivyo, anayeswali alfajiri kwa adhana hiyo huenda akaswali wakati haujaingia. Hata Nairobi hutangulia adhuhuri ya Eldoret kwa dakika kama sita.

Lililo bora ni kusikiliza adhana ya msikiti wa mtaani. Pia omba ratiba ya mwaka iliyohesabiwa kwa Eldoret yenyewe, uibandike ukutani jikoni.

Na jua likiwa wazi, kijiti kinatosha. Kisimamishe wima uani penye usawa. Kivuli hupungua kutoka asubuhi. Kikifika ufupi wake wa mwisho na kuanza tena kurefuka, jua limepinduka na adhuhuri imeingia. Kwa saa za Kenya, huwa kati ya saa sita na dakika 20 na saa sita na dakika 55 kwa kadiri ya miezi. Tia alama kile kivuli kifupi. Kivuli kitakaporefuka kwa urefu wa kijiti juu ya alama hiyo, alasiri imeingia kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani. Eldoret iko karibu mno na ikweta, hivyo karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba kivuli cha adhuhuri hutoweka kabisa, na hapo urefu wa kijiti peke yake ndio kipimo. Wafundishe watoto jambo hili siku ya likizo, na watalipenda kuliko mchezo wowote wa kwenye kioo.

Kibla bila dira

Kwa mtu wa Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja, kwani Makka na Mombasa zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa longitudo. Aliyehamia Eldoret hujisahau akaelekea vile vile. Eldoret kibla ni kaskazini ikiinamia mashariki kwa digrii kama 12, yaani ukisha kuelekea kaskazini, geuka kulia kidogo.

Anayetaka uhakika na asubiri siku mbili za mwaka. Tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba sawasawa. Saa za Makka na za Kenya ni moja, kwa hiyo hakuna hesabu ya kubadilisha. Simamisha kijiti wakati huo: mstari unaotoka ncha ya kivuli kwenda kwenye shina la kijiti ndio kibla. Upige rangi ukutani au sakafuni, na nyumba haitakuwa na haja ya dira tena. Mwezi wa Julai mawingu ni mengi nyanda za juu, basi usiipoteze siku ya Mei.

Nambari za kifuani

Mtoto wa madrasa wa miaka saba huhifadhi sura baada ya sura. Mtoto huyo huyo, akipotea katika soko la Eldoret, aghalabu hajui nambari ya mamake, maana hajawahi kuambiwa aihifadhi. Nambari ni tarakimu kumi tu. Mfundishe ya mama, ya baba na ya bibi au shangazi, kwa sauti ya kurudiarudia kama afanyavyo katika chuo, naye atadumu nazo.

Nasi wakubwa tuna dawa hiyo hiyo. Ni wangapi kati yetu wanaoweza, kwa simu ya kuazima, kubonyeza nambari ya mamao bila kutazama popote? Kuunga jamaa ni wajibu, na wajibu huo ulikuwa umebebwa na vifua kabla haujabebwa na betri. Hifadhi nambari tatu. Zilizobaki ziandike katika ukurasa wa mwisho wa daftari, pamoja na tarakimu 15 za utambulisho wa simu yako, ambazo hutokea ukibonyeza *#06#. Hizo ndizo polisi watakazokuuliza ukienda kuripoti wizi.

Na katika siku zile utakazokaa bila simu, mpelekee habari mzee wako kwa jirani: "Dada, ukizungumza na watu wa nyumbani, wape salamu, waambie nipo salama, simu ndiyo iliyopotea." Mzazi aliyeko mbali hahesabu simu iliyoibwa, huhesabu siku alizokaa hajakusikia.

Familia ikiketi jioni moja tu, daftari hupatikana, ratiba hubandikwa, laini huangaliwa ni ya nani, na watoto huanza kuhifadhi nambari. Twamwomba Mwenyezi Mungu atulindie mali zetu na amana za wenzetu, atuwezeshe kusimamisha swala kwa nyakati zake popote tulipo, na adumishe mapenzi baina yetu na jamaa zetu walio mbali. Amin.