Maniema: Kwenye njia ya Kindu–Kalima, gari la zamani linakufa kwa sababu ya maji

Kutoka Kindu kwenda Kalima ni kama kilomita 100. Gari linavuka kwanza mto Lualaba kwa baki, linashuka Alunguli, halafu linaingia pori la teritwari ya Pangi. Kwenye ramani ni safari fupi. Wakati wa mvua, gari linaweza kushinda katika gia ya kwanza na ya pili, na hapo ndipo moteri za zamani zinachemka.

Sababu yake si uchawi. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unapoza radiateri. Likipigana na tope, upepo huo haupo. Inabaki feni peke yake, wakati moteri inatoa nguvu zake zote. Minibasi kama Toyota HiAce za miaka ya 1980 na 1990 zina tatizo lingine: moteri iko chini ya viti vya mbele, imefungiwa, joto halina pa kutokea. Shofere mzoefu hulisikia kupitia kiti kabla sindano haijasema kitu.

Wengi huanza kwa kulaumu radiateri. Sisi tungeanza na kifuniko chake, maana hakuna kitu kinachodharauliwa kama hicho. Maji ya kawaida yanachemka karibu na digrii 100. Kifuniko chenye alama ya 0.9 kinayabana ndani, yasichemke mpaka karibu digrii 118. Mpira wake ukichakaa, au mtu akiziba kwa kitambaa na kipande cha mfuko, digrii hizo zote zinapotea, na kilima ambacho gari lilikipanda jana bila shida, leo linakipanda likitoa mvuke.

Kuna pia desturi ya kutoa termosta na kuitupa, eti huku kwetu ni joto, haina kazi. Termosta nyingi zinafunguka karibu na digrii 82, kwa hiyo moteri ikiwa na moto tayari ziko wazi. Ukiitoa, moteri inachelewa kupata joto lake, inakula mazutu zaidi na inachakaa haraka. Mbaya zaidi, katika moteri nyingi termosta ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Bila hiyo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye moteri bila kupita kwenye radiateri. Anayetaka kuijaribu aitie katika sufuria ya maji juu ya moto: isipofunguka kabla maji hayajachemka, imekufa, inunuliwe nyingine.

Na maji yenyewe? Njiani shofere anachota bidoni kwenye kijito chochote. Kwa dharura, sawa. Lakini tope linakaa chini ya radiateri, chumvi za maji zinaganda kwenye mirija, na mwaka mmoja baadaye nusu ya mirija imeziba. Maniema haikosi mvua: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, ni bora kuliko ya mto. Yachanganywe na likidi ya radiateri, ambayo si ya nchi za baridi tu, kwa kuwa inazuia kutu na kuongeza kiwango cha kuchemka.

Radiateri za zamani za shaba zina uzuri mmoja: zinachomelewa. Waya wa kuchomelea una bati ndani yake, metali ileile inayotoka kwenye kasiterite ambayo Kalima imechimba tangu enzi za Symétain, kisha Sominki, na sasa Sakima. Madini yanakwenda kuyeyushwa ng'ambo, halafu fundi wa Kalima ananunua waya dukani. Radiateri za alumini zenye vichwa vya plastiki hazina msaada huo. Zikipasuka, mara nyingi ni kutafuta nyingine.

Kabla ya kuvuka baki, mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba usilegee zaidi ya sentimita moja hivi. Tope lililokauka kati ya mapezi ya radiateri litolewe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa moteri kwenda nje.

Moteri ikichemka porini, zima, usifungue kifuniko, subiri nusu saa au zaidi. Maji baridi yakimwagwa ndani ya moteri yenye moto yanaweza kupasua kulasi. Sindano iliyopanda ikishuka ghafla, wengine wanafurahi na kuendelea. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yamekwisha na hakuna kinachopimwa tena. Mafuta ya moteri yakigeuka rangi ya kahawa ya maziwa, au mapovu yakitoka kwenye radiateri bila kukoma, maji na mafuta au moshi vimekwisha kukutana: gari hilo lisiwashwe tena, livutwe.