Maziwa Mezani pa Mkristo

Katika nyanda za Djugu, kutoka Bunia kupita Iga Barrière mpaka Nizi, ni vigumu kupata chakula kinachozushiwa maneno mengi kama maziwa. Mmoja hunena kwamba maziwa ni chakula cha Wahema, na Mlendu mlimaji hana haja nayo. Wa pili amemsikia mhubiri mpita njia akifundisha ya kuwa maziwa yaliumbwa kwa ajili ya ndama, na kwamba mtu ayanywaye anavunja mpango wa Muumba. Wa tatu, naye ni Mkristo mwema, huuliza kila mwaka inapokaribia Jumatano ya Majivu kama chai ya maziwa huvunja mfungo. Na yuko wa nne, ambaye yanipasa kumfikiria kuliko hao wote: mama mwenye watoto watano na fedha kidogo mkononi, asiyejua kama anunue maziwa au maharagwe.

Yule mhubiri tumjibu upesi. Katika Kitabu cha Mwanzo, Abrahamu alipotembelewa na wageni watatu penye mialoni ya Mamre, aliwaandalia siagi na maziwa pamoja na ndama aliyepikwa, nao wakala. Kitabu cha Mithali chahesabu maziwa ya mbuzi kuwa sehemu ya riziki ya nyumba yenye bidii. Musa alikataza kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Maziwa yenyewe hakuyakataza. Tena tusisahau mambo ya bara letu wenyewe. Yapata mwaka 200, Tertulliano wa Kartago aliandika kwamba waliobatizwa, wakiisha kutoka majini, walionjeshwa maziwa yaliyochanganywa na asali, kama watoto waliozaliwa sasa hivi katika nchi ya ahadi. Mwaka 203, katika mji huo huo, Mtakatifu Perpetua, mama kijana aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wake gerezani, aliona katika njozi mchungaji mzee akikamua kondoo, naye akampa kipande cha maziwa yaliyoganda. Alipoamka alikuwa akitafuna bado kitu kitamu. Kama maziwa ya mnyama yangalikuwa unajisi, Kanisa la Afrika lisingaliyaweka karibu hivyo na maji ya Ubatizo na damu ya mashahidi. Ama kusema kwamba wanyama kwa kawaida hawanywi maziwa ya mnyama mwingine, ni kweli. Lakini pia hakuna mnyama asongaye ugali.

Swali la mfungo lataka maelezo marefu kidogo, maana anayeuliza hana kosa. Zamani Kanisa la Magharibi lilikataza kweli katika Kwaresima si nyama tu, bali na vyote vitokavyo katika wanyama: maziwa, siagi, jibini na mayai. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza sababu yake. Vyakula hivyo asili yake ni wanyama, navyo humpendeza na kumnenepesha mtu, na mfungo umewekwa ili kuzitiisha tamaa za mwili. Lakini sheria hiyo ilizaliwa katika nchi za mafuta ya zeituni. Huko Ulaya ya kaskazini, ambako mzeituni hauoti, watu walilazimika kununua mafuta kwa bei kubwa na mara nyingi yakiwa yameoza. Ndiyo maana mwaka 1491 Papa Innocenti VIII aliwaruhusu watu wa Saksonia, katika Ujerumani, kula siagi wakati wa mfungo, nao kwa malipizi wakatoa sadaka. Tazameni jinsi Kanisa lilivyopima mzigo kwa kutazama na mabega.

Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1917 kilisema wazi kwamba siku ya kujinyima nyama haikatazi maziwa wala mayai. Papa Paulo VI alilikariri jambo hilo katika barua yake juu ya toba ya Februari 1966. Basi Ijumaa ya Kwaresima, mwenye kunywa maziwa hakuvunja sheria. Siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wenye umri wa miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wao wa 60 hufunga kwa kula mlo mmoja kamili na vyakula vidogo viwili. Ndani ya vyakula hivyo maziwa yaweza kuwamo. Ndugu zetu wa Uhabeshi, katika Kanisa lao la kale, hushika bado desturi ngumu, wakiacha nyama, maziwa na mayai siku za Jumatano na Ijumaa na siku nyingi nyingine za mwaka. Tuwaheshimu. Naye Mkatoliki wa Nizi apendaye kuyaacha maziwa kwa hiari yake, na fedha yake akampa maskini, afanya vema. Ila asimlazimishe mkewe mwenye mimba wala mtoto aliyeachishwa ziwa juzi.

Wanafunzi huuliza pia juu ya Komunyo Takatifu. Zamani mtu alifunga kila kitu, hata maji, tangu usiku wa manane. Mtoto aliyetembea saa mbili kwenda misioni alifika akiwa na kizunguzungu. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliwalegezea wenye taabu, wakiwamo watokao mbali, wapate kunywa kitu kisicho kileo saa moja kabla ya Komunyo, na mwaka 1957 akaieneza ruhusa hiyo kwa wote. Tangu Novemba 1964, saa moja ni kipimo cha chakula na kinywaji pia. Maji na dawa havivunji mfungo huo, maziwa huuvunja. Mwenye kunywa maziwa nyumbani saa kumi na mbili, akapokea Komunyo saa mbili, hana neno.

Sasa tuutazame mwili. Kikombe kikubwa cha maziwa ya ng'ombe, yaani robo ya lita, kina gramu nane hivi za protini, ile sehemu ya chakula ijengayo nyama ya mwili, na miligramu 300 hivi za kalsiamu, ijengayo mifupa na meno. Kina pia vitamini B12, ambayo mboga na mizizi haina. Mnamo miaka ya 1930, mganga Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto waliovimba miguu, nywele zao zikigeuka rangi. Wenyeji wa huko, Waga, waliuita kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Mtoto huyo hushiba mihogo wala hajengeki. Maziwa yalikuwa miongoni mwa dawa za kwanza zilizomponya, na hata leo maziwa ya tiba wanayopewa watoto waliodhoofika sana hospitalini, na ule mlo wa karanga utolewao katika pakiti, hutengenezwa kwa unga wa maziwa.

Hata hivyo maziwa si ya kila tumbo. Sukari iliyomo hutaka kimeng'enya maalumu ili isagike, na watu wengi ulimwenguni, wakiisha kupita utoto, hupungukiwa nacho. Wakinywa maziwa matupu huumwa tumbo, hujaa hewa na kuharisha. Mwaka 1966 waganga Cook na Kajubi, waliochunguza jambo hili katika Uganda, walionyesha kwamba wengi wa watu wa makabila ya wakulima hawakuweza kuisaga sukari hiyo, ilhali wengi wa watu wa jamii za wafugaji, kama Wahima, waliweza. Basi mkulima akataaye maziwa kwa sababu yamemwumiza hana ushamba wala chuki. Huenda tumbo lake lasema kweli. Njia imekwisha kuonekana zamani na bibi zetu: maziwa yaliyoganda, ambayo Kivu huitwa mashanza. Sukari nyingi humalizwa na vijidudu vya kugandisha, na tumbo hupata raha. Jibini iliyokaa nayo ni hivyo hivyo.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Miezi sita ya kwanza apewe ziwa la mama peke yake, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka miwili na zaidi. Maziwa ya ng'ombe hayana chuma cha kutosha, na mtoto mdogo anayejazwa maziwa hayo siku nzima hupungukiwa damu. Na chai yenye maziwa kidogo, wasomaji, ni chai. Mama asidhani amemlisha mtoto.

Iko hatari inayonitia hofu kuliko zote, nayo ni maziwa mabichi. Katika kisiwa cha Malta, watu wa Kikatoliki kabisa, askari wa Kiingereza waliugua homa isiyokoma, inayorudi jioni baada ya jioni, na viungo vyote kuuma. Mwaka 1887 mganga David Bruce alikiona kijidudu chake. Haikujulikana kimetoka wapi, mpaka mwaka 1905 Themistocles Zammit, mtu wa Malta mwenyewe, alipogundua kwamba mbuzi walioonekana wazima walikuwa nacho. Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua upesi mno kati yao. Kijidudu cha jamii hiyo hiyo ndicho kiwaharibiacho ng'ombe mimba. Mfugaji aonaye ng'ombe wake akitupa mimba asiyanywe maziwa yake mabichi wala kuyauza. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo.

Dawa yake ni sufuria na moto. Viwandani maziwa hupashwa moto mpaka nyuzi 72 kwa nukta 15, na hiyo yatosha. Katika vilima vyetu vinywaji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, lakini hata hivyo mchemko umepita mno kipimo hicho. Yachemke mpaka yafure, koroga, yafure tena kidogo, kisha yafunikwe. Wazee husema kwamba kuganda kwatosha kuua ugonjwa. Hapana. Chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo uyagandishe kwa kutia kidogo ya jana, katika chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Na yeye atiaye maji katika maziwa ya kuuza aijue amri ya saba; tena maji ya kijito huleta kuhara juu ya wizi.

Nimesema mmoja huona maziwa ni ya kabila fulani. Si ajabu. Mmisionari Mwanglikana John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1923 juu ya Wanyankole, aliandika jinsi Wahima walivyokatazwa kuchanganya maziwa na maharagwe au viazi vitamu, wakiogopa ng'ombe wasipatwe na madhara. Lakini katika Djugu Wahema wa kaskazini husema Kilendu, na kwa muda mrefu maziwa na siagi vilibadilishwa sokoni kwa mahindi na maharagwe. Vita ya 1999 mpaka 2003, na mauaji yaliyorudi tangu Desemba 2017, yaliwafukuza watu, yakatawanya mifugo na kuharibu soko hilo. Kikombe cha maziwa kikawa kama bendera. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba alaye asimdharau asiyekula, wala asiyekula asimhukumu alaye. Aliyapata maneno hayo katika Kanisa lililokuwa na makabila mawili mezani.

Nije kwa yule mama. Kilo ya maharagwe makavu ina gramu 200 na zaidi za protini. Lita ya maziwa ina gramu 32 hivi. Kwa fedha kidogo, maharagwe yashinda, hasa yakiliwa na mahindi, kwa maana kila kimoja hujaza upungufu wa mwenzake. Kalsiamu ataipata katika samaki wadogo wa Ziwa Albert waliokaushwa, wasagwe na mifupa yao, na katika lengalenga. Nyumba isiyo na maziwa yaweza kulea watoto wenye nguvu, na mke asione haya mbele ya jirani mwenye ng'ombe. Fedha ikibaki, anunue kikombe kimoja, akichemshe, ampe kwanza mtoto aliyeachishwa ziwa, kisha mwenye mimba. Baba na anywe chai kavu.