Bakora Ishikwe Mkono Gani?
Mzee anaumwa nyonga ya kulia, na bakora kaishika mkono huo huo wa kulia. Kosa hilo ni la wengi, msikilizaji. Kila tupigapo hatua, mwili husimama kwa mguu mmoja, na kiwiliwili hutaka kuangukia upande wa mguu ulio hewani. Kinachokizuia ni msuli wa ubavuni mwa nyonga, ule uliosimama. Msuli huo uko karibu mno na kiungo, hivyo hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyozidi uzito wa mwili, na nguvu hiyo hukandamiza kichwa cha mfupa wa paja ndani ya kikombe chake. Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza mwaka 1895 jinsi nyonga ya pili inavyoshuka msuli huo ukilegea. Bakora ikiwa mkono wa kushoto huupunguzia kazi. Iende mbele pamoja na mguu unaouma.